Kisichopanda na Mvuke

Nimezaliwa Pemba, katika kijiji cha upande wa Wete kilichozungukwa na mikarafuu, na kumbukumbu yangu ya kwanza ya kazi ni ya usiku wa msimu, wakubwa na wadogo tumeketi juu ya jamvi kwenye mwanga wa kandili, tunachambua. Karafuu zilizochumwa mchana zilitenganishwa na vikonyo vyake kwa viganja. Karafuu zikasubiri jua la asubuhi, na makonyo yakatiwa gunia lake mbali, kwa sababu nayo yana bei yake. Yalikuwa yakipelekwa kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, karibu na Chake Chake, yakamuliwe mafuta. Mama hakutuachia kikonyo kimoja kipotee mavumbini, na kwa hivyo nilijua kabla sijaanza skuli kwamba ndani ya mti mna kitu kinachoweza kutolewa na kuuzwa, hata pale ambapo jicho linaona takataka tu.

Leo ninasomesha kemia Unguja. Kila mwaka, tunapofika kwenye somo la kutenganisha michanganyiko, ninawaonyesha wanafunzi jinsi mvuke unavyobeba mafuta ya majani ya mkarafuu. Maji huchemka, mvuke hupita kwenye majani, hupoozwa katika bomba la kioo, na katika chupa ya kupokelea huonekana maji yenye ukungu kama tui jepesi, ambayo chini yake, wala si juu, hutulia matone ya mafuta ya manjano hafifu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, na jambo hili huwashangaza watoto waliozoea kuona mafuta ya nazi yakielea. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yuginoli, ile inayotuliza jino linalouma. Kwa miaka kadhaa, kila tulipomaliza, nilikuwa ninamwaga maji yaliyobaki kwenye chombo cha kuchemshia, maji ya hudhurungi nzito kama chai iliyolala, mpaka mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliponiuliza: “Mwalimu, ikiwa kilichomo ndani ya majani kimeshapanda na mvuke, hii rangi imetoka wapi?”

Nilimjibu kwamba hizo ni flavonoidi, na kwamba zina faida kubwa mwilini. Usiku ule nilitafakari jibu langu nikaona kwamba sehemu zake zote mbili zilikuwa nusu kweli, na tangu siku ile nimekuwa nikijifunza nusu zilizobaki.

Flavonoidi ni familia ya kemikali zinazotengenezwa na mimea, na mpaka sasa zimetambuliwa zaidi ya 6,000. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini flavus, lenye maana ya manjano, kwa kuwa nyingi kati ya zile za mwanzo kujulikana zilikuwa na rangi hiyo. Zote zimejengwa juu ya mfupa mmoja wa atomi 15 za kaboni: pete mbili za atomi sita sita, zilizounganishwa kwa daraja la atomi tatu. Kinachozitofautisha ni vitu vilivyoning’inia kwenye mfupa huo, hasa vikundi vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na haidrojeni), na mara nyingi molekuli ya sukari iliyoshikamana nao. Mmea huzitumia kujikinga na mionzi mikali ya jua, kupaka rangi maua na matunda ili wadudu na ndege wayaone, na kujihami dhidi ya maradhi. Ni molekuli nzito zinazoshikana sana, na ndiyo maana hazipandi na mvuke. Kwesetini, flavonoidi ya kitunguu maji, huyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, na hapo huanza kuharibika badala ya kuchemka. Mvuke unaoibeba yuginoli juu huiacha kwesetini chini.

Visiwa vyetu vimejaa flavonoidi, ingawa si kila mmea unaosifiwa barazani unazo kwa wingi. Choya inazo, na rangi yake nyekundu ni flavonoidi za kundi la anthosianini. Zambarau, ambayo ni ndugu wa karibu wa mkarafuu kwani miti yote miwili imo katika jenasi moja ya Syzygium, hutupaka ulimi kwa anthosianini. Majani ya mlonge yana kwesetini na kemferoli, mchaichai tunaoutia kwenye chai una jamii ya luteolini, na maganda ya machungwa, machenza na madanzi yana flavonoidi za namna yake. Kwa upande mwengine, rangi ya manjano ya bizari si flavonoidi bali ni kurikumini, rangi ya hina si flavonoidi, ukali wa tangawizi si flavonoidi, na yuginoli ya karafuu pia si flavonoidi. Ninalitaja hili kwa sababu wauzaji wengi huzitia zote katika mfuko mmoja, wakaandika juu yake neno moja, na mnunuzi akadhani analipia kitu kimoja.

Anayetaka kuona kwa macho yake jinsi flavonoidi zinavyotolewa na aanze na choya, kwa sababu haihitaji maabara. Chukua vifuko vyekundu vilivyokauka, vile vinavyoizunguka mbegu baada ya ua kuanguka, uviroweke katika maji ya moto yasiyotokota. Dakika chache tu, na maji yote yamekuwa mekundu. Hapo umeshafanya uziduaji kamili: kiyeyushi chako ni maji, joto limelegeza kuta za chembe hai za mmea, na anthosianini, zilizobeba sukari na kwa hivyo zinapendana na maji, zimehama kutoka kwenye nyama ya mmea hadi kwenye kikombe. Sasa gawa maji hayo katika bilauri tatu. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili ikamulie ndimu, na wekundu wake utang’aa zaidi. Ya tatu itie magadi kidogo, na mbele ya macho yako itageuka kuelekea buluu na kijani, kisha ikae kidogo ianze kufifia na kuwa rangi ya kutu. Nimelifanya jaribio hili darasani mara nyingi, na bado ninalipenda, kwa kuwa linafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba molekuli hizi hubadilika umbo kufuatana na asidi, na kwamba huharibika upesi zikitendewa vibaya. Mama yangu, ambaye hakusoma kemia, amekuwa siku zote akiikamulia choya ndimu, na huwa haichemshi sana. Ukiichemsha kwa saa nzima utapata maji yenye rangi nzito iliyochoka, kwa sababu joto la muda mrefu huzivunja anthosianini.

Maji hayatoshi kwa kila flavonoidi. Zile zisizo na sukari, kama kwesetini tupu, hazipendani nayo, na huyeyuka vizuri zaidi katika ethanoli. Mmea mmoja huwa na aina zote mbili, na hii ndiyo sababu maabara nyingi hutumia mchanganyiko wa ethanoli asilimia 70 hivi na maji yanayobaki: maji huvimbisha chembe za mmea na kuchukua zenye sukari, na ethanoli huchukua zile nyengine. Majani huanikwa kivulini, si juani kama karafuu, kwa kuwa jua kali hupunguza kile unachokitafuta. Husagwa yawe unga, kwani kadiri chenga zinavyokuwa ndogo ndivyo kiyeyushi kinavyofika ndani. Kisha gramu moja ya unga hurowekwa katika mililita 10 hadi 20 za kiyeyushi kwa siku moja hadi tatu, na chombo hutikiswa kila baada ya muda. Wengine hutumia kifaa cha Soxhlet, kilichobuniwa na Mjerumani Franz von Soxhlet mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa, ambacho huuosha unga kwa kiyeyushi kipya tena na tena bila ya mtu kusimama hapo. Ni kifaa kizuri, lakini huuweka mchujo, yaani kiyeyushi kilichobeba vitu vya mmea, katika joto la kuchemka kwa saa nyingi, na kwa vitu laini kama anthosianini mimi ningechagua kuroweka. Baada ya kuchuja, ethanoli huondolewa katika mtungi unaozunguka ambao hewa yake imepunguzwa, ili ichemke kwenye nyuzi 40 badala ya 78, na kinachobaki ni uji mzito wa rangi ya kahawa.

Hapa nina onyo moja. Taarifa nyingi za kisayansi zinazozungumzia nguvu ya majani haya na yale zimetumia methanoli, kwa kuwa ni rahisi na huyeyusha vizuri. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua. Mtu asome taarifa hizo kwa faida ya elimu, lakini asidhani hata siku moja kwamba njia ya maabara ni njia ya jikoni, wala asitumie spiriti ya kuwashia moto kutengenezea kitu cha kunywa. Kwa sisi tunaoishi katika jamii ya Kiislamu kuna pia swali la ethanoli yenyewe katika dawa, ambalo ninawaachia wanazuoni. Ninachoweza kusema kwa upande wa kemia ni kwamba maji ya moto, na gliserini iliyochanganywa na maji, hutoa flavonoidi nyingi bila ya ethanoli hata tone moja.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote, hata hivyo, haikuwa na ethanoli wala kifaa cha ghali. Ni ya maganda ya machungwa na chokaa. Mwaka 1828 mkemia Mfaransa aitwaye Lebreton alitenga, kutoka sehemu nyeupe ya ndani ya ganda la chungwa, dutu iliyoitwa hesperidini, na hiyo ni miongoni mwa flavonoidi za mwanzo kabisa kujulikana. Hesperidini haiyeyuki katika maji matupu, lakini huyeyuka katika maji yenye alkali, na alkali iliyo rahisi kuliko zote kwetu ni chokaa, ile ile iliyopatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe na iliyojenga nyumba za Mji Mkongwe. Nilikusanya maganda kwa wauza machungwa wanaoyamenya barabarani, nikayakausha, nikayatwanga, nikayaroweka katika maji ya chokaa. Papo hapo maji yaligeuka manjano ya kukoza, kwa kuwa katika alkali pete ambayo daraja la zile atomi tatu huifunga pamoja na oksijeni hufunguka, na molekuli hupata umbo lenye rangi. Chokaa ina faida ya pili ambayo magadi hayana: huigandisha pektini, ule utelezi wa ganda, na hivyo maji huchujika kwa urahisi. Baada ya kuchuja nilitia asidi kidogo kidogo mpaka maji yakawa machachu kiasi, rangi ikapungua, nikayaacha yalale. Asubuhi, chini ya chupa palikuwa na unga mweupe wenye umanjano, mwepesi kama poda. Haukuwa safi, nao ulihitaji kuoshwa na kuyeyushwa upya. Lakini ulikuwa flavonoidi niliyoitoa kwenye kitu kinachofagiliwa kila jioni pamoja na taka.

Kutoa, basi, si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kujua umetoa nini. Nilipoyarudia yale maji ya hudhurungi ya majani ya mkarafuu, nilitia kwanza matone ya kloridi ya chuma, na yakageuka buluu iliyokaribia weusi, dalili ya tanini. Flavonoidi zimo, kwani mkarafuu una kwesetini na kemferoli, lakini rangi na ukakasi ule kwa kiasi kikubwa ni wa tanini, ambazo ni familia nyengine. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza niliyomficha mwanafunzi wangu bila ya kukusudia.

Nusu ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo ni hiyo faida.

Katika miili yetu, tunapovuta pumzi na kuchoma chakula, na zaidi tunapovuta moshi wa kuni au wa sigara, huzaliwa radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa na elektroni moja ambazo hunyang’anya kwa jirani zake. Jirani huyo akiwa ni mafuta ya utando wa chembe hai, naye hugeuka mnyang’anyi, na mnyororo huendelea. Ni jambo lilo hilo linaloifanya samli iliyokaa wazi iharibike na kunuka. Antioksidanti ni kitu kinachokubali kutoa haidrojeni yake na kuukata mnyororo huo bila ya chenyewe kuwa hatari. Flavonoidi zinaweza kazi hiyo, hasa zile zenye vikundi viwili vya haidroksili vilivyokaa bega kwa bega kwenye pete moja, kama kwesetini. Maabara hulipima hili kwa kemikali yenye rangi ya zambarau iitwayo DPPH, ambayo yenyewe ni radikali huru iliyotulia: unatia mchujo wako, na zambarau inafifia kuwa manjano. Katika maabara ya chuo nilikosoma niliuona mchujo wa majani ya mkarafuu ukiifuta zambarau ile karibu yote, na ninakiri kwamba moyo ulinienda mbio.

Lakini bilauri si mwili. Flavonoidi nyingi tunazozila hazifyonzwi vizuri. Sehemu kubwa hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja, na zile zinazoingia katika damu hubadilishwa upesi na ini, zikabaki kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na antioksidanti ambazo mwili wenyewe unazo. Ndiyo maana mwaka 2012 wizara ya kilimo ya Marekani iliiondoa kwenye mtandao orodha yake ya vyakula vilivyopangwa kwa nguvu yao ya antioksidanti, ikieleza kwamba namba zile zilikuwa zikitumiwa vibaya na kampuni za biashara na kwamba hazikuthibitisha faida katika mwili wa binadamu. Kabla ya hapo, mwaka 1994, utafiti wa Finland uliochukua wanaume wavutaji sigara 29,133 ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti ya karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Beta-karotini si flavonoidi, lakini wazo lililokuwa nyuma ya vidonge vile lilikuwa ndilo hili hili linalouziwa watu katika chupa za mitishamba.

Hayo hayamaanishi kwamba hakuna kitu. Mwaka 1993 watafiti wa Uholanzi waliwachunguza wazee wanaume 805 wa mji wa Zutphen wakaona kwamba waliokula flavonoidi nyingi zaidi, kwa kunywa chai na kula vitunguu na matufaha, walikufa kwa uchache zaidi kwa maradhi ya moyo. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema ni chai yenyewe au ni mwenendo mzima wa maisha ya mnywaji. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani, la watu 21,442, waliopewa miligramu 500 za flavonoidi za kakao kila siku au kidonge kitupu: jumla ya matukio ya moyo na mishipa haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, ingawa vifo vya maradhi hayo vilipungua. Na kwa upande wa choya yetu, jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa watu wazima 65 wenye shinikizo la damu la juu kidogo vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, na namba ya juu ya shinikizo ikashuka kwa wastani wa 7.2, ilhali kwa waliopewa kinywaji cha kuigiza ilishuka kwa 1.3. Yumkini flavonoidi zinatufaa kwa kuilegeza mishipa ya damu zaidi kuliko kwa kupigana na radikali huru moja kwa moja. Kwangu mimi faida hiyo ni ya kweli, ni ya wastani, na inakuja ndani ya kikombe kizima.

Ninasisitiza wastani kwa sababu ya ami yangu. Alikuwa akinywa vidonge vya shinikizo la damu kwa miaka, na siku moja akauziwa chupa ya mchujo wa mitishamba ambayo karatasi yake ilisema inasafisha mishipa na kuondoa sumu zote. Aliviacha vidonge. Nilipomtembelea akaniambia kwa furaha, “Mwanangu, hii ni miti ya Mwenyezi Mungu, haina madhara kama dawa za viwandani,” na mimi, kwa heshima na kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu, nikanyamaza. Wiki chache baadaye aliamka mdomo umepinda na mkono wa kulia hauna nguvu. Alipona kwa kiasi kikubwa, alhamdulillah, lakini hadi leo anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Niliichunguza ile chupa. Haikusema ni sehemu gani ya mti iliyotumika, wala kiyeyushi gani, wala kiasi gani cha nini kilichomo. Pengine ilikuwa ni maji ya majani yasiyo na lolote. Sikunyamaza tena baada ya hapo. Anayetengeneza mchujo na kuuuza ana wajibu wa kuandika hayo matatu, na kamwe asimwambie mgonjwa aache dawa aliyoandikiwa na daktari.

Kuna na hili la chai, ambalo kina mama wa kwetu wanafaa kulijua: poliphenoli za chai, kundi kubwa ambalo flavonoidi na tanini zimo ndani yake, huyakamata madini ya chuma yatokanayo na mboga na nafaka yasifyonzwe. Mjamzito aliyeambiwa ana upungufu wa damu asinywe chai ya rangi pamoja na chakula. Angoje saa moja au mbili, na mchicha wake aukamulie ndimu.

Maji ya hudhurungi siyamwagi tena. Msimu uliopita niliwaomba wanafunzi wagawe majani ya mkarafuu ya mti mmoja mafungu mawili ya uzito sawa: fungu moja tulikamua mafuta yake kwa mvuke kwa saa tatu kwanza, la pili hatukuligusa, kisha yote mawili tukayakausha na kuyaroweka kwa njia moja. Tunataka kujua joto la saa zile tatu limeharibu kiasi gani cha flavonoidi, maana ikiwa zimebaki, basi kila rundo la majani yaliyokamuliwa lina mavuno ya pili ndani yake. Chupa mbili zimesimama kwenye rafu ya maabara, zimeandikwa “kabla” na “baada”. Kwa jicho, rangi zake zinakaribiana. Yule mwanafunzi aliyeniuliza swali sasa yuko kidato cha nne, na ndiye aliyeshika daftari la vipimo.